Shindano la ubunifu majengo lisilotoa sababu za hukumu haliwafai vijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mashindano ya ubunifu majengo yanayoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi na wabunifu chipukizi. Mashindano haya yameongezeka sana tangu intaneti ilipoondoa gharama ya kuchapa michoro kwenye mabango na kuituma kwa posta, na siku hizi mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza, ndani ya mwaka mmoja, kushindania maktaba ya jangwani, makazi ya wakimbizi, mnara wa karne ijayo na shule ya kijiji ambacho hajawahi kukitia machoni. Mimi ni mwalimu wa studio ya ubunifu. Nayapenda mashindano haya na nimewahimiza wanafunzi wangu wayaingie, kwa sababu humlazimisha kijana kumaliza kazi, kuieleza kwa watu wasiomjua na kuilinganisha na kazi za wenzake wa mbali. Hoja yangu ni moja: thamani ya shindano la vijana ipimwe kwa kile wanachopata walioshindwa, na kitu cha kwanza wanachostahili kupata ni maelezo ya maandishi ya jopo la majaji kuhusu kazi zao.

Nasema hivyo kwa sababu walioshindwa ndio karibu washiriki wote. Shindano la jumba la opera la Sydney, lililoamuliwa Januari 1957, lilipokea kazi 233. Lile la mwaka 1971 la Centre Pompidou, kituo cha sanaa na utamaduni jijini Paris, lilipokea 681, na washindi wake, Renzo Piano, Richard Rogers na Gianfranco Franchini, wote walikuwa hawajatimiza miaka 40. Shindano la jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Helsinki, lililofunguliwa mwaka 2014, lilipokea kazi 1,715. Tuchukue kwa mfano tu kwamba kila kazi kati ya hizo 1,715 ilimchukua mtu mmoja wiki mbili: hizo ni wiki 3,430, yaani karibu miaka 66 ya kazi ya mtu mmoja, iliyotolewa kabla ya yeyote kulipwa chochote. Jengo lenyewe halikujengwa, kwa kuwa baraza la jiji lilikataa mradi huo mwishoni mwa mwaka 2016. Sisemi kwamba jasho lile lote lilipotea. Waandaaji wa Helsinki waliweka kazi zote za awamu ya kwanza kwenye intaneti ili mtu yeyote azione, na kwa hilo wanastahili heshima. Nasema kwamba anayeandaa shindano anaomba mchango mkubwa sana kutoka kwa watu ambao karibu wote hatawalipa, na kama watu hao ni wanafunzi, wanaouchota muda huo kutoka kwenye masomo na usingizi wao, deni lake kwao linakuwa zito zaidi.

Watetezi wa mashindano hupenda kumtaja Maya Lin, na wana haki ya kumtaja. Mwaka 1981, akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Yale mwenye umri wa miaka 21, alishinda shindano la kubuni mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Marekani waliokufa katika vita vya Vietnam, akiwapita wataalamu wenye ofisi na majina makubwa. Kazi zilikuwa 1,421. Zilipangwa ndani ya banda la ndege katika kituo cha jeshi la anga, bila majina, kila moja ikiwa na namba yake tu; ya Maya Lin ilikuwa namba 1026. Michoro yake ilikuwa ya chaki za rangi, laini na ya mistari michache, na pamoja nayo kulikuwa na maelezo mafupi aliyoyaandika kueleza jinsi mtu angeshuka taratibu kandokando ya kuta mbili za mawe meusi, akisoma majina ya marehemu kwa mpangilio wa tarehe walizokufa, mpaka pale kuta zinapokutana. Majaji wanane walikubaliana kwa kauli moja. Yeye mwenyewe amejiuliza hadharani kama angechaguliwa iwapo kazi ile ingewafikia majaji ikiwa na jina lake, ambalo ni la asili ya Kichina, badala ya namba, na nadhani kila mtu aliyeona ukali wa upinzani uliozuka baada ya jina hilo kutangazwa anaweza kujijibu.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo husimuliwa mara chache. Mwanafunzi yule hakuachwa peke yake baada ya kushinda. Ofisi yenye uzoefu, Cooper-Lecky, ilibeba kazi ya michoro ya ujenzi na usimamizi, na Maya Lin akabaki kuwa mshauri wa wazo lake mwenyewe. Mnara ukazinduliwa Novemba 1982. Hili ni la kuzingatiwa na kila anayesema kwamba vijana hawawezi kukabidhiwa kazi ya kweli kwa sababu hawana uzoefu. Utaratibu wa kuwaunganisha na wenye uzoefu upo na umeandikwa, kama nitakavyoeleza punde. Lakini ninapomaliza kulisimulia hilo darasani, swali ninalolitaka lisikike ni kuhusu wale wengine 1,420. Kisa cha mshindi mmoja, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kuwa jibu kwa watu 1,420.

Historia inayo majibu bora kuliko tunavyodhani. Mwaka 1922 gazeti la Chicago Tribune lilitangaza shindano la kubuni makao yake makuu, na zaidi ya kazi 260 zikapokelewa kutoka nchi nyingi. Zawadi ya kwanza, dola 50,000, ilikwenda kwa John Mead Howells na Raymond Hood, ambao mnara wao wa mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya umesimama mpaka leo. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Eliel Saarinen wa Finland, na ni mchoro wake, ambao haukujengwa, uliokwenda kuathiri minara iliyojengwa Marekani katika miaka iliyofuata, ukipanda kwa hatua na kupungua upana bila kofia ya mapambo juu yake. Yeye mwenyewe alihamia Marekani mwaka 1923. Hayo yaliwezekana kwa sababu gazeti lile halikuzificha kazi za walioshindwa: zilichapishwa katika kitabu mwaka huohuo wa 1923, na hadi leo wanafunzi huzichambua, zikiwemo za Walter Gropius na Adolf Loos, wabunifu mashuhuri wa Ulaya ambao majaji hawakuwapa zawadi yoyote. Hukumu ya majaji ilikosolewa vikali, na nafikiri ilistahili kukosolewa. Hata hivyo iliwezekana kukosolewa kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi, na mjadala ule umewafundisha wabunifu wengi zaidi kuliko jengo lililoshinda.

Sasa nije kwenye kanuni. Mwaka 1956 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha kanuni za mashindano ya kimataifa ya ubunifu majengo na mipango miji, nazo zikafanyiwa marekebisho mwaka 1978. Utekelezaji wake unasimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Wabunifu Majengo, UIA, ulioanzishwa mwaka 1948. Ningependa kila mwanafunzi azisome kabla hajaingia shindano lolote. Zinataka majina ya washiriki yasijulikane mpaka hukumu itolewe. Zinataka majaji walio wengi wawe wataalamu wa fani wasiofungamana na mwandaaji. Zinasema hakimiliki ya kazi inabaki kwa aliyeibuni. Zinasema kwamba zawadi ya kwanza katika shindano la mradi, yaani la jengo linalokusudiwa kujengwa, humfunga mwandaaji kumpa mshindi kazi hiyo, na kwamba mshindi asiyeweza kuonyesha uwezo wa kuitekeleza anaweza kutakiwa ashirikiane na mbunifu mwingine, ambaye atamchagua mwenyewe. Huo ndio utaratibu niliodokeza. Zinasema pia kwamba ikiwa mkataba haujasainiwa ndani ya miezi 24 tangu hukumu, mshindi alipwe fidia inayolingana na zawadi ya kwanza. Na kisha kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: michoro yote, pamoja na ile iliyoondolewa shindanoni, ionyeshwe kwa umma bila kiingilio, kwa kawaida kwa muda usiopungua wiki mbili, ikiambatana na nakala ya ripoti ya majaji yenye saini zao.

Ripoti yenye saini za majaji inayoning'inia karibu na michoro ya walioshindwa ni jambo kubwa. Mtu anasimama mbele ya kazi yake, anasoma ilitolewa katika mzunguko upi na kwa sababu gani, kisha anageuka kuitazama ile iliyosonga mbele. Akikubali, amejifunza. Asipokubali, anajua anabishana na nini, na jaji aliyetia saini anajua kwamba atasomwa. Siamini kama ipo namna ya bei nafuu zaidi ya kuwafundisha vijana wengi kwa wakati mmoja.

Bahati mbaya, mashindano mengi yanayowalenga wanafunzi hayako chini ya kanuni hizo. Ni mashindano ya mawazo, ambamo hakuna jengo litakalojengwa wala mteja anayesubiri, na mwandaaji ni tovuti, taasisi au kampuni ya vifaa vya ujenzi. Sina ugomvi na shindano la mawazo kwa kuwa la mawazo. Zaha Hadid alitambulika duniani kwa ushindi wake wa mwaka 1983 katika shindano la klabu ya mapumziko juu ya kilima cha Hong Kong, klabu ambayo haikujengwa kamwe, na ilimchukua takribani miaka 10 mingine kabla ya kituo chake cha zimamoto cha kiwanda cha samani cha Vitra, jengo lililomfanya aheshimiwe kama mjenzi, kukamilika nchini Ujerumani. Michoro ya jengo lisilojengwa inaweza kubeba fikra nzito. Ugomvi wangu ni na utaratibu unaoyazunguka baadhi ya mashindano haya. Mshiriki hulipa ada ya kujiandikisha, ambayo hupanda kadiri tarehe ya mwisho inavyokaribia. Kisha tarehe hiyo husogezwa mbele, na wale waliokesha ili wawahi hugundua kwamba wamekesha bure. Majina ya majaji mashuhuri hutangazwa mapema ili kuvutia watu, lakini haielezwi ni nani hasa atakayepitia mamia ya kazi na kuzichuja kabla hazijawafikia majaji hao. Matokeo yanapotoka, huonekana picha za washindi watatu na orodha ya waliotajwa kwa heshima. Wengine wote hupokea barua pepe moja ya shukrani, na pengine cheti cha ushiriki. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na wanaouziwa ni watu wasio na kipato.

Waandaaji wanapoulizwa hujibu kwamba kazi ni nyingi mno kuandikiwa maelezo. Nimelifikiria sana jibu hilo na sioni kama linasimama. Chukua shindano lenye kazi 600, na useme kila kazi iandikiwe maoni ya dakika tano, yaani sentensi tatu au nne. Jumla ni saa 50. Wakigawana wasomaji watano, kila mmoja ana saa 10. Mwandaaji aliyepokea ada 600 hawezi kusema hana uwezo wa kuwalipa wasomaji watano kwa saa 10 kila mmoja, na mwandaaji asiyetoza ada anaweza kuweka ukomo wa idadi ya kazi anazozipokea, jambo ambalo lina heshima kuliko kupokea kazi ambazo hatazitazama ipasavyo. Zaidi ya hapo, katika kila jopo lililofanya kazi yake, sababu zipo tayari, kwa kuwa majaji wenyewe walizitamka mezani walipokuwa wakiondoa kazi moja baada ya nyingine. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa pembeni na kuziandika. Na kama hazikutamkwa, kama kazi ziliondolewa kwa kupepesa macho tu, basi wakati huo tunajua kwamba tatizo la shindano lile ni kubwa kuliko ukosefu wa karani.

Madhara ya ukimya huo ninayaona studioni. Kundi moja la wanafunzi wangu liliwahi kubuni soko kwa ajili ya shindano la aina hii. Lilikuwa soko lililofikiriwa vizuri: paa lilipitisha hewa ya joto juu, meza za samaki zilitenganishwa na za nafaka, na magari ya mizigo yalikuwa na njia isiyokatiza njia ya wanunuzi. Hawakushinda, na hawakuambiwa lolote. Wakaketi kuitazama kazi iliyoshinda, ambayo ilionekana katika picha moja ya machweo, watu wakiwa vivuli na mwanga wa dhahabu ukipenya katikati ya nguzo, nao wakahitimisha kwamba walishindwa na machweo. Mradi wao uliofuata ulijaa machweo na haukuwa na vyoo. Sijui kama kazi ile iliyoshinda ilikuwa na sifa nyingine. Inawezekana ilikuwa nazo nyingi, na majaji waliziona katika ramani za sakafu na michoro ya mkato ambayo haikuchapishwa. Lakini wanafunzi walipewa picha moja bila sababu, na mwanafunzi aliyepewa picha bila sababu ataiga picha.

Laiti wangeandikiwa maneno machache tu: kwamba paa lenu tumelipenda, ila maji ya mvua yanakusanyika kwenye makutano yake na hamkuonyesha yanakokwenda, kwamba ngazi ya pili haimfikishi mtu nje wakati wa moto, kwamba tulizunguka sana kutafuta mlango katika ramani yenu. Maoni ya namna hiyo hayamkatishi kijana tamaa hata kidogo. Humwonyesha kwamba kazi yake imesomwa na mtu aliyejaribu kutembea ndani yake, na humpa mahali pa kuanzia siku inayofuata. Nami ningeongeza kwamba haja hii imekuwa kubwa zaidi sasa, wakati programu za kompyuta zinaweza kutengeneza picha ya kuvutia ya jengo kwa dakika chache kutokana na sentensi moja. Jaji anayeeleza kwa maandishi alichokiona katika mpangilio wa vyumba, katika muundo unaobeba jengo na katika namna jua linavyoingia, anawaambia vijana wote kwamba bado kuna tofauti kati ya picha ya jengo na jengo.

Atakayesema kwamba mashindano yamekuwa ya siri tangu zamani hatakuwa amekosea. Katika shule ya École des Beaux-Arts ya Paris, ambayo mfumo wake wa kufundisha ulisambaa katika nchi nyingi, mwanafunzi alipanda ngazi za masomo kwa kushinda shindano baada ya shindano, na kileleni mwa ngazi hizo ilikuwepo zawadi ya Roma (Prix de Rome), iliyompeleka mshindi kusoma Roma na iliyotolewa kwa wabunifu majengo kuanzia mwaka 1720 hadi ilipofutwa mwaka 1968. Hukumu zilitolewa faragha, wanafunzi wakiwa nje. Mfumo huo ulikuwa na kikomo cha umri wa miaka 30, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia shuleni hapo mpaka mwaka 1897. Julia Morgan wa Marekani alishindwa mtihani wa kuingia mara mbili, akakubaliwa mwaka 1898, na akapata cheti mwaka 1902, mwanamke wa kwanza kukipata katika ubunifu majengo, wakati kikomo cha umri kikimfikia. Baadaye alibuni mamia ya majengo. Kila ninapofikiria maisha yake naona jinsi hukumu isiyo na maelezo na kikomo cha umri vinavyoumana: anayeshindwa bila kuambiwa sababu hupoteza miaka akikisia, na miaka hiyo inahesabiwa. Ndiyo maana ningependa pia waandaaji wanaoweka kikomo cha miaka 30 au 35 wahesabu miaka tangu mtu alipohitimu, badala ya miaka tangu alipozaliwa. Aliyeanza chuo akiwa na miaka 28 baada ya kulea watoto au kufanya kazi ya kutafuta karo ni mbunifu chipukizi kama mwenzake wa miaka 22. Europan, shindano la Ulaya linalofanyika kila baada ya miaka miwili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, limeweka kikomo chake kwenye miaka 40, na huo ni uungwana wa kadiri. Tena viwanja vyake hutolewa na miji yenyewe, yenye nia ya kuendelea na washindi baada ya hukumu.

Yapo mashindano ambayo hayahitaji sana ripoti ya majaji, kwa sababu kazi yenyewe hutoa majibu. Mwaka 2002 Wizara ya Nishati ya Marekani iliandaa kwa mara ya kwanza shindano la Solar Decathlon, ambamo timu 14 za wanafunzi zilijenga nyumba kamili zinazotumia nishati ya jua na kuzisimamisha katika uwanja wa wazi katikati ya jiji la Washington. Nyumba zilipimwa kwa vipengele 10, na sehemu ya vipimo hivyo ilikuwa ya vyombo: je, joto la ndani linabaki katika kiwango kilichowekwa, je, maji ya moto yanatosha, je, jokofu linafanya kazi. Timu ya Chuo Kikuu cha Colorado ilishinda, lakini timu iliyokuwa ya mwisho nayo ilirudi chuoni ikijua kwa tarakimu wapi nyumba yake ilivuja joto. Najua kwamba shindano kama hilo linahitaji fedha nyingi, na si kila mwandaaji anaziweza. Ila ari yake inaweza kuigwa kwa gharama ndogo: kujenga kipande kimoja cha ukuta kwa ukubwa wake halisi, benchi, kituo cha basi, paa la mita nne, na kukiacha kinyeshewe.

Wapo walimu wenzangu wanaosema kwamba vijana waachane na mashindano kabisa, wakajenge. Humtaja Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin alichangisha fedha na kujenga shule ya msingi katika kijiji alichozaliwa cha Gando, ikakamilika mwaka 2001, na mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Ubunifu Majengo. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya wabunifu majengo. Ni mfano mkubwa, na sitaupunguza. Lakini hata huo unanipa nguvu katika hoja yangu, kwa maana Tuzo ya Aga Khan hutuma wataalamu wakalione jengo kwa macho yao, wazungumze na wanaolitumia na kuandika ripoti, kabla ya majaji kuamua. Jengo lililokamilika hupewa msomaji makini kiasi hicho. Mchoro wa mwanafunzi hauhitaji mtu kusafiri. Unahitaji dakika tano za mtu aliye tayari kuandika anachokiona.

Kuhusu hakimiliki nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kanuni nilizozitaja zimeshalimaliza suala hilo. Masharti yanayosema kwamba kazi yote iliyotumwa inakuwa mali ya mwandaaji, aitumie apendavyo bila kumtaja wala kumlipa aliyeibuni, yasikubaliwe na mwanafunzi yeyote, na mwalimu anayeyaona asiwapeleke wanafunzi wake huko.

Hapo ndipo naona sisi walimu na vyama vya wabunifu majengo tuna uwezo kuliko tunavyoutumia. Mashindano haya huishi kwa kusambazwa: tangazo hubandikwa ukutani mwa chuo, hutumwa kwenye makundi ya simu ya wanafunzi, na mara nyingine hufanywa sehemu ya mradi wa muhula. Tuweke sharti moja. Kabla ya kulibandika tangazo lolote, tumwandikie mwandaaji tukimwuliza kama kila mshiriki atapata maoni ya maandishi, nani atafanya mchujo wa kwanza, na kama ripoti ya majaji itachapishwa. Asiyejibu, tangazo lake lisibandikwe. Makampuni yanayodhamini zawadi yaulize maswali hayohayo kabla nembo zao hazijawekwa kwenye bango, kwa kuwa sehemu ndogo ya fedha za zawadi ya kwanza ingetosha kuwalipa wasomaji wa kazi zote. Nawe Mhariri, mwandishi wako anapotumwa kuripoti matokeo ya shindano la vijana, namwomba aombe ripoti ya majaji pamoja na picha za washindi, na kama haipo, aandike kwamba haipo.

Wakati tukisubiri waandaaji wabadilike, studio yetu imeanza kuwakusanya wanafunzi waliotuma kazi na kushindwa, wakiwa na michoro yao yote, mbele ya wabunifu wawili au watatu wasiowafundisha, ili kila kazi isomwe na kuandikiwa. Wenzetu wa vyuo vingine wanaotaka kufanya hivyo wanaweza kuanza na kazi zilizo kwenye kompyuta za wanafunzi wao hivi sasa.

Wako katika ujenzi wa fani,

Mwalimu wa studio ya ubunifu majengo